Wa Kukaa na Wa Kushuka

Jirani yangu hapa mjini, Kihonda, ameleta vifaranga. Harufu yao ya joto na pumba inapenya dirishani, nami siwezi kutulia kitini.

Nilipokuwa mtoto, Bibi alikuwa akimshika kifaranga miguu na kumning'iniza kichwa chini, mlangoni mwa jiko, ukungu wa mlimani ukituingia mpaka puani. Akitulia, ni mtetea. "Huyu wa kukaa." Akifurukuta, ni jogoo. Bibi alimpaka masizi kichwani, na akishakua, mjomba alimtia tengani na kuteremka naye sokoni mjini. "Huyu wa kushuka."

"Na mimi, Bibi?"

"Wewe wa kike, mjukuu wangu. Kwetu shamba hurithiwa na wanawake; hili ni lenu. Uende wapi?" Kisha akacheka. "Ila hutulii hata ukila!"

Sikucheka. Nilimfuata kaka yangu nyuma ya nyumba, nikamwomba anishike miguu aninyanyue, kichwa chini. Nikafumba macho, nikajikaza kabisa. Damu ikanijaa usoni, na miguu ikaanza kufurukuta yenyewe.

Nilipofumbua macho, Bibi alikuwa amesimama mbele yangu. Hakuwa akicheka tena, na kidole chake bado kilikuwa na masizi.