Mama na Sauti Iliyochelewa

Kosa langu la mwanzo katika kumrekodi mama lilikuwa kuchomeka kila waya mahali palipoukubali: maiki huku, kinanda kule, vyote kwenye kompyuta moja kuukuu. Hakuna aliyenifundisha. Mama alipoimba, sauti yake ilipita kompyutani na kumrudia kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Mimi, ambaye picha ikiinama ukutani sipati usingizi, nilitaka kulia.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule kijijini Gachoka, mawele yakianza kuiva. Tulifukuza ndege tangu alfajiri, kombeo mkononi, midomo imejaa mawele mabichi ya kuiba. Mama aliimba mstari mmoja, kisha akanyamaza. Ng'ambo ya bonde dada yake, Tata Muthoni, alimjibu, na jibu lilikuja polepole. Tukipiga kelele, mama alifoka, "Nyamazeni, tata yenu bado hajafika!" Watoto wa hapa mtaa wa Dallas, ninakoishi sasa, wangempigia simu tu, tena wangelalamika hashiki haraka.

Siku hizi Tata yuko Kianjai, magoti yamekataa safari, na mama alitaka ule wimbo umfikie ukiwa mzima. Nami nilitaka uwe safi, na kinanda changu chini yake. Lakini kila baada ya mstari alinyamaza!

"Mama, imba tu. Usingoje."

"Nitaimbaje juu ya mtu, Nyaga? Huyu bado anajibu."

"Hiyo ni sauti yako!"

"Basi ina adabu kukushinda."

Nilipigana na ile kompyuta wiki nzima. Nyaya mpya, mipangilio mipya, hata kisanduku cha sauti cha kuazima, mpaka kuchelewa kukaisha kabisa. Mama akavaa hedifoni, akaimba mistari miwili mbiombio, akazivua.

"Huku hakuna mtu," akasema, akaenda kuepua chai.

Nilishika kichwa. Kisha nikarudisha nyaya zangu mbovu, nikazima kinanda. Aliimba wimbo wote, kila pengo mahali pake.

Nikautuma Kianjai. Tata alijirekodi kwa simu akiimba ndani ya yale mapengo, na mwishoni akafoka, "Mwambie mama yako amechelewa!"

Shamba lile la mawele sasa ni la muguka, majani ya kutafunwa. Ndege hawaugusi, kwa hiyo hakuna anayeimba. Kwangu limebadilika jambo moja: kabla sijarekebisha sauti ya mtu, namuuliza anamngoja nani.