Eksi na Mkasi Mwekundu

Kuna kazi ukizifanya vizuri unaletewa chai, na kuna kazi ukizifanya vizuri unafunguliwa mbwa. Eksi alikuwa na hii ya pili. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika X nyekundu kwenye kuta za nyumba ambazo halmashauri ya jiji ilitaka kuzivunja. Mvunjaji alikuwa mwingine, na tingatinga lake na kofia yake ngumu. Mtoa amri alikuwa mwingine kabisa, kakaa zake ofisini kwenye kiti cha kuzunguka. Lakini binadamu tulivyo, hatumchukii aliye mbali. Tunamchukia anayekuja na ndoo.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, ila lilikwisha kusahaulika, hata na dada yake wa tumbo moja. Mtaa mzima walimwita Eksi. Akipita na ngazi begani, hata kama anakwenda kuirudisha kwa mwenyewe, wenye nyumba walisimama mbele ya kuta zao wakatanua mikono kama makipa. Mama mmoja aliwahi kusogeza kabati la vyombo likaziba ukuta wote wa mbele, akaweka kiti chake pembeni, akasema hapa hapana ukuta. Eksi alimwamkia kwa adabu, akangoja. Mama aliposinzia, Eksi akapiga X yake kwenye kabati. Agizo lilisema iandikwe mahali panapoonekana, na kilichoonekana kilikuwa kabati.

Msimwone mkatili. Alikuwa mpole wa kupitiliza, mtu wa kumpisha kuku njiani. Na X yake ilikuwa X kweli, imenyooka, hana rula wala kamba. Tatizo ni kwamba mkono wake haukujua kingine. Dada yake aliwahi kumwomba achore kikombe kwenye mlango wa jikoni, kupendezesha tu. Ikatoka X yenye mvuke.

Huyo dada ndiye aliyekuwa akimhifadhi. Mke wa Eksi alipofariki, Eksi alihamia chumba cha uani kwa dada yake, akasema ni kwa wiki mbili, mpaka apate mahali. Mahali hapakupatikana. Jiji lilikuwa limefurika watu, chumba kimoja kinagombewa na koo tatu. Miaka ikapita. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dada mtu jembe alishampa zamani, sasa alikuwa anatafuta cha kumpa kinachofuata.

"Mdogo wangu," alikuwa akimwambia kila asubuhi huku akimmiminia uji, "mimi nakupenda sana. Nitakupenda zaidi ukiwa kwako."

Eksi alitaka sana kuwa kwake. Na alijua anataka kuwa na nani. Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mshonaji, mjane kama yeye, watu wakimwita Fundi. Duka lake lilitazama barabara, na nyuma ya pazia ndipo alipolala. Zamani, halmashauri ilipotaka kupanua ile barabara, Eksi alitumwa kuandika X nyumba zote za upande ule. Alipofika kwa Fundi alitegemea matusi. Fundi akatoka, futi ya kupimia shingoni, akamtazama mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada. Unisamehe."

Fundi akampokonya brashi. Akainama, akachora duara moja kwenye mguu wa kushoto wa X, na jingine kwenye mguu wa kulia. Akarudi nyuma, akalaza kichwa upande. Ukutani palikuwa na mkasi mkubwa mwekundu, vishikio chini, ncha juu, umefunguka.

"Sasa ndiyo umemaliza," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Na Eksi naye akawa amekwisha siku hiyo hiyo. Alirudi nyumbani akala ugali bila mboga na hakugundua.

Barabara haikupanuliwa. Mpango ulilala kwenye kabati la ofisi, lakini X zilibaki, na nyumba yenye X hairuhusiwi kuongezwa hata tofali. Ule mkasi ukawa kibao cha duka. Watu wakielekezana njia walisema, ukifika kwenye mkasi kata kushoto. Eksi naye akaanza kuchanika suruali. Ilikuwa suruali moja, goti moja, kila wiki. Fundi aliishona kila mara, ila safari moja alimshonea kiraka chenye umbo la X, na Eksi akakosa usingizi kwa kufikiria maana yake.

Mwishowe alijikaza kisabuni akamwomba ndoa. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Wewe sina ubaya na wewe," akasema. "Nikikuona nacheka, na mimi kucheka napenda. Lakini njoo uone." Akavuta pazia. Kitanda kilikuwa chembamba kama benchi, kimebanwa na majora ya vitambaa. "Mume nitamlaza wapi? Juu ya cherehani? Nataka kujenga chumba juu ya duka, na siwezi, kwa sababu kuna mtu aliniandika X. Unamfahamu?"

Eksi akatazama viatu vyake.

"Siku nikipata ruhusa ya ghorofa, njoo uniulize tena. Na usije na suruali mkononi."

Basi, akangoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hadi mgongo ukamuuma. Mpaka ofisi ikapata ofisa mipango miji mpya, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mifuko, ambaye wenzake walimwita Bwana Kanuni. Huyu alifungua lile kabati, akapiga chafya, akatangaza kwamba mpango wa makazi umezeeka na lazima ufanywe upya. Jiji linahitaji nyumba. Barabara haipanuliwi tena. Mtaa wa Fundi, pamoja na mitaa ya jirani, utaruhusiwa kujengwa ghorofa mbili juu ya maduka ili watu wapate pa kukaa.

"Lakini," alisema Bwana Kanuni kwenye mkutano, na hakuna neno alilolipenda kama hilo, "nyumba yenye X ni nyumba ya kuvunjwa, na nyumba ya kuvunjwa hatuwezi kuiruhusu ipande. X zote zifutwe kwanza. Kisha nitapita mwenyewe kukagua, nyumba kwa nyumba."

"Nani atazifuta?" mtu akauliza.

"Aliyeziandika."

Vichwa vyote vikageuka. Eksi alikuwa amekaa nyuma kabisa, anachekelea peke yake kama mtu aliyesikia redio inamtaja.

Kesho yake alitoka na ndoo ya chokaa. Watu walimwona wakakimbilia kuta zao kama kawaida. Hata jamaa mmoja ambaye nyumba yake haikuwahi kuandikwa alitanua mikono, kwa mazoea tu. Eksi akafuta X ya kwanza. Mikono ikashuka. Akafuta ya pili. Mtu akamletea chai. Ya tatu, chai na andazi. Yule mama wa kabati akamtaka afute na kabati, akalifuta, likabaki na baka jeupe kama limemwagikiwa maziwa, na mama akashukuru akamletea chai. Kufika kwa Fundi tumbo lilikuwa limejaa chai kama ndoo ya pili.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya mkasi, mikono kifuani.

"Hapa hapana X," akasema.

"Fundi, si niliiandika mwenyewe?"

"Ulichoandika wewe nilikwisha kukigeuza. Huu ni mkasi wangu. Ukiufuta, wateja watanipataje? Mtaa mzima sasa ni mweupe, watakwenda kushonesha kwa muuza mkaa."

Wakiwa katika hayo, Bwana Kanuni akatokea na makaratasi yake kwapani. Akautazama ukuta. Akapinda shingo kulia, akapinda kushoto.

"Hiyo ni X."

"Ni mkasi," akasema Fundi.

"Ni X yenye miwani. Kanuni inasema mistari miwili mikubwa inayokatana, rangi nyekundu, ukuta wa mbele. Vishikio havikutajwa." Akashusha pumzi, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi tu. "Nakwenda kukagua mtaa wa nyuma. Nikirudi niikute imefutwa. Nikiikuta, mama yangu, ghorofa hakuna."

Akaenda. Eksi akatua ndoo, akakaa kizingitini. Akifuta mkasi, Fundi atamchukia. Asipofuta, chumba cha juu hakipo, na kama chumba hakipo yeye atazeekea uani kwa dada yake, akimiminiwa uji pamoja na maneno.

"Fundi," akasema, "mimi naogopa. Nimeandika watu wengi wakanichukia, nikazoea. Wewe sitazoea. Lakini hiyo ghorofa naitaka kuliko wewe unavyoitaka. Niruhusu nifute, halafu nitakuchorea mkasi mwingine."

"Wewe? Mwenye kikombe cha X? Dada yako alinihadithia."

"Mimi huyo huyo."

Fundi aliupitisha mkono ukutani, pale vishikio vilipokuwa, kama anapima kitambaa.

"Futa," akasema, akageuka asione.

Nyekundu ya halmashauri haifi upesi. Mkono wa kwanza wa chokaa ikachungulia, wa pili ikawa waridi, wa tatu ndipo ikasalimu amri. Kwa jua lile ukuta ulikauka upesi. Eksi akakimbia kwa dada yake kuleta kopo lake la rangi nyekundu, akachovya brashi, akavuta pumzi, na mkono wake, mkono ule ule, ukanyanyuka kwenda kona ya juu kushoto kuanza mstari wa kukata chini.

"Wewe mtu!" Fundi akamdaka kifundo cha mkono. "Huyo bwana anarudi sasa hivi akute X mbichi? Anza na vishikio."

"Vishikio ni vya duara. Duara siwezi."

"Unaweza. Legeza."

Akamshika mkono juu ya brashi, wakazungusha. Duara la kwanza lilitoka kama kiazi. La pili lilitoka kama kiazi kilichooshwa. Eksi hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile kikitoka mkononi mwake, na walikuwa bado wameshikilia brashi moja, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiachia, Bwana Kanuni aliporudi.

"Na hii ni nini?"

"Bado haijawa kitu," akasema Fundi.

Bwana Kanuni akapekua makaratasi, akarudi nyuma ukurasa, akaenda mbele. "Maduara mawili. Hakuna kanuni ya duara." Akatia sahihi, akampa Fundi karatasi. "Ghorofa mbili zinaruhusiwa."

"Moja inatosha," akasema Fundi.

Ofisa alipokata kona, Eksi akanyanyua tena brashi. Fundi akatikisa kichwa. Wakaguzi wangekuja tena ujenzi ukiendelea, na hakutaka maswali. Mkasi utangoja chumba kiishe. Kwa hiyo kwa miezi yote ile ya zege na mbao ukuta ulibaki na viazi viwili vyekundu, na watu wakawa wanamletea Fundi miwani iliyovunjika. Aliwafukuza wawili watatu, akachoka, akaanza kuitengeneza.

Siku fundi wa paa aliposhuka na nyundo yake, Eksi alikuja mapema, amenyoa, mikono mitupu.

"Uliniambia nije nikuulize tena."

Fundi alimkagua magoti yote mawili. Suruali ilikuwa nzima.

"Basi hujaja kushonewa," akasema. "Chukua ngazi."

Majirani walitoka kutazama. Dada mtu alikuwepo pia, na jembe mkononi, maana alisema limekaa kwake muda mrefu na lazima liende na mwenyewe. Eksi akapanda ngazi na kopo la rangi nyekundu, na mtaa mzima hakuna aliyetanua mikono. Katika X zote alizopiga maishani mwake, hii ndiyo pekee aliyowahi kuombwa. Akavuta mstari wa kwanza kutoka juu hadi kwenye kiazi cha kulia. Akavuta wa pili hadi cha kushoto. Akashuka hatua mbili, akatazama.

"Imepinda," akasema. Yeye, Eksi, ambaye hakuwahi kuhitaji rula. "Mkono ulitetemeka. Nifute nianze upya?"

Fundi alikuwa dirishani, chumba cha juu, kitanda kipana nyuma yake. Akachungulia chini, akautazama mkasi wake uliokwenda upande.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Shuka, chai inapoa."