Alimshikisha Mwanangu Sikio, Leo Ananiletea Mjukuu Wake

Admin, ficha jina langu na la mwanangu. La huyo mzee ningependa ulitangaze kwa herufi kubwa, ila najua hutakubali, basi lifiche na lake.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Goba. Nilikuwa karani wa maktaba, nimesoma kila kilichopita mkononi mwangu, na wanaonifahamu wanaujua mdomo wangu. Mwanangu wa mwisho, nimwite Beni, ana miaka kumi na sita. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono inakakamaa, maneno yanatoka polepole, lakini akili yake ni timamu kuliko ya wengi watakaokuja kunitukana kwenye komenti.

Alipofikisha miaka saba nilimpeleka kuandikishwa darasa la kwanza, shule ya serikali ya jirani. Ukutani wameandika kwa rangi ya bluu kwamba kila mtoto ana haki ya elimu. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka meza kivulini, wazazi tumepanga foleni. Nikampa cheti cha kuzaliwa. Hata hakukifungua.

"Apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili," akasema.

Nyie wa umri wangu mnaukumbuka huo mtindo. Enzi zile watu hawana vyeti, mkono ukifika sikioni basi mtoto amefikisha umri. Nikamwambia, "Mwalimu, umri wake uko hapo kwenye cheti."

"Cheti hakikai darasani, mama. Anayekaa ni mtoto."

Beni alidhani ni mchezo. Akainua mkono, ukafika kwenye nyusi, ukagoma. Akajaribu tena, udenda unamtoka, akakilaza kichwa ili kuufuata mkono. Mwalimu mkuu akawageukia wazazi. "Mrudishe mwakani, mama. Labda mkono utakuwa umerefuka."

Foleni nzima ikacheka. Na Beni naye akacheka, kwa sababu alidhani ameshinda.

Sikumrudisha mwakani. Nilimfundisha mwenyewe sebuleni, mama mmoja akaleta wa kwake, akaja mwingine, na leo sebule hiyo ni kituo kilichosajiliwa, chenye walimu wawili na fundi seremala anayetutengenezea viti kulingana na mwili wa kila mtoto. Serikali ile ile iliyotucheka kwenye foleni sasa inatuletea watoto.

Wiki iliyopita geti likagongwa. Mzee wa mvi, na binti yake amebeba mgongoni mtoto wa kike wa miaka sita, miguu imekakamaa. Nilimtambua mzee kabla hajafungua mdomo. Yeye hakunitambua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Tumeelekezwa hapa. Huyu mjukuu wangu, kila shule wanatuzungusha. Watu hawana utu siku hizi."

Watu hawana utu! Nikamuuliza taratibu, "Mmejaribu kumshikisha sikio?"

Uso ukamshuka. Binti yake akashangaa. "Sikio? Baba, sikio la nini?" Basi nikamsimulia binti yote, palepale getini, baba yake anasikiliza. Binti alilia. Sikumhurumia mzee hata kidogo, na sioni haya kuliandika hilo.

Kesho yake alirudi peke yake. "Mwanangu, nisamehe. Niko tayari kupiga magoti hapa hapa sebuleni kwako."

"Sebuleni hapana," nikamjibu. "Ulimcheka mwanangu mbele za watu. Jumamosi tuna kikao cha wazazi. Simama, useme ulichofanya. Mjukuu wako ataanza Jumatatu."

"Mbele za watu siwezi. Mimi ni mzee wa kanisa, wengine nasali nao. Bora mtoto abaki nyumbani."

Mmesikia? Bora mtoto afungiwe ndani kuliko babu apungukiwe heshima. Kudhalilisha alifanya mchana, kwenye meza ya serikali, lakini kutubu anataka kwa siri kama anakuja kununua gongo. Magoti ya sebuleni yatamsafisha nani? Wazazi wa foleni ile walijifunza kwake kwamba mtoto kama wangu anachekwa na mlango unafungwa. Wangapi waliokuwa na watoto kama Beni waliondoka kimyakimya, wakawaficha vyumbani? Hao wote nani atawarudishia walichopoteza?

Sasa binti yake ananitumia meseji. Ya jana ilisema, "Dada, mimi sikukucheka. Mpokee mwanangu, baba tumwachie Mungu." Walimu wangu nao wamenuna, wanasema namwadhibu mtoto. Na hapo ndipo panaponichoma, kwa sababu nikimzuia yule mtoto, mimi ndiye niliyekaa kwenye meza ile chini ya kivuli. Nikimpokea, mzee atapumua, na kikaoni hatakanyaga maisha yake yote.

Nikaona nimuulize mwenye kesi. Nilitegemea Beni ataniambia nisamehe, maana ana roho nyepesi kunizidi. Alitafuna tonge lake, akafikiri, nikasubiri kama tunavyosubirigi maneno yake.

"Mtoto... aingie," akasema. Kisha, "Babu... naye aje. Ashike... sikio. Yeye."

Akacheka, kicheko kile kile cha foleni. Nikacheka naye mpaka machozi.

Msiniandikie habari za kusamehe, nimeshazisoma zote. Kiti cha yule mtoto fundi amekimaliza, kiko hapa sebuleni, kimelitazama geti. Jumamosi ni keshokutwa. Ndugu zangu, nataka mtoto aingie, na mzee nimpate mbele za watu kama alivyotupata sisi. Nishaurini, nifanyeje ili nisikose hata mmoja?