Waya Uliosema Kweli Siku ya Sabato

Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alirudi likizo kutoka ng'ambo na vibao viwili vinavyoenea kiganjani. Juu ya kila kibao palikuwa na kompyuta nzima ndani ya chipu moja nyeusi, yenye miguu pande mbili kama jongoo. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha. Mimi nilikuwa nimemaliza uhandisi Nairobi, na chipu kama hizo nilikuwa nimeziona kwenye picha tu. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukauguza vidonda katika nyumba moja, na tangu hapo kila alichopata yeye nilikipima kwa macho kabla ya kumpongeza.

Kiwanda cha chai, upande wa Nyansiongo, kilikuwa kinatafuta fundi mmoja wa umeme. Mmoja tu. Nilikuwa nimeshinda pale miezi kadhaa kwa majaribio, nikibadilisha fyuzi na kungoja neno la meneja. Ndipo ndugu yangu akaja kunitembelea, akamwambia meneja kwamba joto la ghorofani, majani yanakonyaushwa, linaweza kusomwa ofisini bila mtu kupanda ngazi. Kibao cha juu kingepima joto na kulituma kwa waya hadi kibao cha chini, tarakimu zikifuatana moja moja kama watu wanaovuka mto kwa gogo. Meneja, mtu wa kutoka Ziwani, alimsikiliza huku ameweka chai yake kando. Mimi hakuwahi kunisikiliza hivyo. Niliiona kazi ikiniponyoka.

Jaribio likawekwa Jumamosi. Mambo yote ya ufundi pale yalifanywa Jumamosi, kwa kuwa wakulima wengi waliotuzunguka walikuwa Wasabato. Hakuna aliyechuma, majani hayakuja, mashine zililala. Mama alinitazama nikitoka bila Biblia. Nilikuwa nimemuuliza maswali mengi mno juu ya Sabato hata akachoka kujibu.

Waya ulishuka kutoka ghorofani, ukafuata ukuta zilipopita nyaya nene za mota za feni, ukavuka uwanja hadi ofisini. Ndugu yangu akabonyeza swichi. Nambari nyekundu zikawaka. Karani akapanda juu na kipimajoto, akapaza sauti dirishani: zimelingana.

"Haya ndiyo masomo!" meneja akaniambia, kana kwamba mimi nilisomea ushonaji.

"Tujaribu tena Jumatatu," nikasema. "Mota zikizunguka."

Ndugu yangu akacheka. "Wewe huamini mvua hata ikikunyeshea."

"Naiamini nikishalowa."

"Huo ni wivu, ominto, ndugu yangu."

Ulikuwa wivu, nami sikuukana. Lakini swali langu lilikuwa swali halali, na meneja akakubali.

Jumatatu feni zilipoanza kunguruma, nambari zilishikwa na wazimu. Mara ghorofani kuna barafu, mara joto la kuivisha githeri.

"Sasa majani yangu yamechemka au yameganda?" meneja akauliza.

Nilisikia utamu kifuani. Nikangoja nimwone ndugu yangu akitoka jasho. Yeye akavuta stuli, akaketi, akaniangalia. "Haya, mwenye shaka. Wewe ungefanyaje?"

Nikamweleza. Alikuwa ametumia waya mmoja wa ujumbe, na kila kelele ya mota ilijimwaga humo ikaonekana ni ujumbe. Tuweke nyaya mbili zilizosokotwa, umeme ukipanda katika huu ushuke katika ule. Kelele itaziingia zote mbili sawasawa, na kibao cha ofisini kitasoma tofauti iliyo kati yao tu. Chipu za kufanya kazi hiyo hazikuwepo Kisii nzima. Yeye alikuwa nazo mkobani. Bila shaka alikuwa nazo.

Tukasokota nyaya uwanjani, yeye ameshika ncha zake, mimi nazungusha zangu kwa keekee ya mkono. Akina mama walioleta majani wakasimama na vikapu mgongoni.

"Kamba yote hiyo, na ng'ombe wenyewe wako wapi?"

"Ng'ombe ni hao wawili!" mwingine akajibu, wakaangua kicheko.

Kufikia jioni nambari zilitulia, feni zikinguruma vilevile. Meneja akamnyooshea ndugu yangu mkono. Yeye akatia wake mfukoni.

"Mpe huyu. Wazo ni lake. Na hiyo kazi mpe yeye, mimi narudi ng'ambo. Kule nina nzuri zaidi."

Aliyasema bila dharau, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nilikuwa tayari kushindwa naye, na tayari zaidi kumshinda. Kupewa sikuwa tayari.

Kazi niliipata. Mama alipopata habari alichinja kuku, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru ndugu yangu kwa kunitafutia kazi. Sikumsahihisha, ningeanzia wapi? Sahani zilipokuja, firigisi, fungu la mwenye heshima, ilikuwa kwenye ya ndugu yangu mgeni. Nami, mwajiriwa mpya, nikaanza kutafuna bawa.