Siku Muhsina Alipoifunga Anga

Watu wengi hawaijui kazi ya Muhsina, na wanaodhani wanaijua ndio wanaochosha zaidi. Harusini shoga zake humtambulisha kuwa "anafanya uwanja wa ndege", na hapo hapo atatokea mmoja wa kumwomba amsaidie begi lililozidi uzito. Muhsina na mabegi wapi na wapi! Yeye hukaa mbele ya rada hapa Maskati, na ndege zinazokatiza Bahari ya Arabu husikiliza sauti yake: panda, shuka, subiri, pita.

Miaka hii wameongezewa balaa jingine. Makampuni ya roketi yamezidi, na mabaki ya roketi zao hurudi chini, mengine kwenye bahari yetu. Siku ya kurudi, sehemu ya bahari hufungwa, toka majini hadi juu kabisa, na hakuna ndege inayokanyaga humo mpaka kampuni iseme kipande kimeshaanguka. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, hakuna kinachotokea. Sasa nenda ukajisifu kwa watu kwamba leo hakikutokea kitu.

Mama yake, Bi Thuwaiba, alitolewa Unguja msichana mdogo, baada ya mapinduzi, na nguo aliyoivaa tu. Alizaa na kulea hapa Maskati, mtaa wa Ghala, kwenye nyumba iliyo nyuma ya magereji, ambako mpaka leo mtu huamshwa na nyundo za wanyoosha bodi. Watoto wawili: Muhsina, na nyuma yake Nawar. Huyu Nawar alianza kwenda Unguja kutembea, mara akaoa huko, mara akahamia kabisa. Bi Thuwaiba alilichukua kama tusi. Alimwambia, "Mimi nimetoka kule sina hata kanga ya pili. Wewe unarudi kufuata nini?" Nawar akamjibu. Jibu lenyewe silisemi, maana mama hajibiwi vile. Tangu siku hiyo hawakusemezana, mmoja mkaidi na mwenziwe kamzaa.

Moyo wa Bi Thuwaiba ulipoanza kuchoka, akalazwa, Nawar alipiga simu analia, anaomba radhi. Muhsina akaiweka simu kwenye sikio la mama yake. Bi Thuwaiba akageukia ukutani.

"Nnataka aje anishike mkono," alisema. "Radhi si vocha, haitumwi kwenye simu."

Muhsina alicheka siku ile. Lakini usiku hakulala, maana kwao neno radhi si la mchezo. Mtoto wa kwao anaweza kuvumilia kufiwa na mama. Kufiwa naye hajamridhia, hilo atalibeba mpaka kaburini kwake. Akamsukuma nduguye, akamsihi, akamtukana kidogo, mpaka Nawar akakata tikiti.

Siku ya safari ikaangukia siku ya roketi. Muhsina hakushtuka, kwa sababu kipande kilitarajiwa asubuhi na ndege ya Nawar ilikuwa ya kufika mchana. Asubuhi hiyo Bi Thuwaiba alikuwa mzuri kabisa. Alikunywa uji, akamtania Safwan, mume wa Muhsina, kwamba kanenepa mpaka kiti cha hospitali kinamlalamikia. Kisha akamwambia bintiye, "Nenda kazini, ukaniletee nduguyo." Muhsina alikuwa kachelewa. Akatoka mbio, shela begani, hata mkono hakumbusu. Si angerudi jioni?

Kwenye chumba cha rada simu haiingii. Unaiacha nje, kwenye sanduku, na unaishika tena ukitoka kupumzika. Muhsina alipotoka mapumziko ya kwanza alikuta ujumbe wa mama mdogo Khole, nduguye Bi Thuwaiba, aliyekuwa hospitali: "Hali imebadilika. Njoo. Nawar yuko wapi?"

Mkubwa wa zamu, Shihab, alimwona uso wake tu akajua. "Khalas, basi, nenda kwa mama," alimwambia. "Kiti nitakikalia mimi, na mwenzetu Wael yuko njiani kutoka Qurayyat."

Angekwenda. Gari lilikuwa nje na barabara nyeupe. Lakini alijua ndege ya Nawar imeshaondoka Unguja na iko baharini, na kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: akiwa kwenye kiti ataweza kuinyooshea njia, aitangulize mbele ya wenzake, amfikishe nduguye upesi. "Niacheni niiingize ndege hii kwanza," alisema, akarudi ndani, akaketi. Hapo ndipo alipokosea, masikini, kwa nia safi kabisa. Kiti kile alikidhani kina nguvu.

Hajakaa sawa, habari ikaingia. Kampuni ya roketi haikuridhika na mtambo wake, kipande kitaachwa kiizunguke dunia mara moja tena ndipo kishushwe. Eneo linabaki limefungwa.

Chumba kizima kikachemka. Ndege zilizokuwa zinakaribia ikabidi zizungushwe au zirudishwe. Shihab alikuwa na simu kwenye kila sikio, akisemezana na Wahindi huku na Wasomali kule, na Wael hajafika. Sasa hata kama Muhsina angetaka kuinuka, asingeweza. Mbele yake kulikuwa na ndege kadhaa zinazomtegemea, na mmoja kati ya waliomo alikuwa tumbo moja naye. Alijiona kama mtu aliyejifungia mlango mwenyewe, akatupa ufunguo dirishani.

Ndege ya Nawar iliwekwa kuzunguka kusini. Haikuchukua muda rubani akaita. Mafuta hayamruhusu kungoja kiasi hicho. Magharibi ni anga ya Yemen, ambayo kampuni yake haipiti. Anaomba akate kona ya mashariki ya eneo lililofungwa, padogo tu, atoke upande wa pili.

Muhsina aliitazama ile kona. Kweli ilikuwa nyembamba. Kipande kilitarajiwa kuanguka katikati, mbali, na kona zimewekwa kwa tahadhari, ikiwa hesabu zitakwenda kombo. Tena zilikuwa zimeshakwenda kombo mara moja asubuhi ile ile. Aliwafikiria watu walioijaza ndege, na watoto waliopakatwa. Chuma kinachoshuka kinawaka hakiulizi nani ana mama mgonjwa.

"Hapana," alisema. "Eneo limefungwa."

Rubani akaomba tena, kwa adabu zaidi.

"Hapana. Elekea Salalah."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Baadaye alijichukia kwa hilo kuliko kwa yote, kwamba sauti ilitoka kavu vile, kama anamwambia mtu duka limefungwa. Akakaa anaitazama nukta ya ndege ikigeuka polepole kuelekea Salalah, huko kusini mwa nchi, akaipa njia, akaikabidhi kwa mwenzake wa huko. Kisha akaendelea na ndege nyingine. Afanye nini?

Kipande kikaanguka. Katikati kabisa, pale pale walipopataja, mbali na ile kona. Kampuni ikashukuru. Wael akaingia anahema, akakikamata kiti, na Muhsina akatoka nje kuichukua simu. Zilikuwamo simu nyingi za Safwan alizozikosa, moja juu ya nyingine, halafu kimya. Alijua kabla ya kumpigia.

Bi Thuwaiba alizikwa baada ya Magharibi. Maiti haingoji ndege, na za Salalah jioni ile zilikuwa zimejaa. Nawar alifika Ghala asubuhi ya pili, shati limekunjana, na mkononi mkoba wa mikate ya kumimina aliyoipika mkewe amletee mama. Akasimama nao ukumbini, hajui auweke wapi. Khole akampokea, akamketisha, akamweleza.

Mwisho ulipokaribia, alisema, Bi Thuwaiba alikuwa haoni tena, anauliza tu, "Muhsina keshamleta nduguye?" Khole roho ikamshinda. Akaushika mkono wa Safwan, akauweka kwenye mkono wa dada yake, akasema, "Huyu hapa Nawar, keshafika." Bi Thuwaiba akaupapasa, kidole baada ya kidole.

"Huyu si Nawar," alisema. "Huyu mkwe wangu, huyu mnene."

Lakini hakuuachia. Akapumua, akapumua, kisha akasema, "Basi mpelekee wewe. Mwambie nimemsamehe, na radhi zangu anazo."

Safwan, aliyekuwa kakaa pembeni, akaunyoosha mkono. Nawar akaupokea kwa mikono miwili, akaulalia uso, akalia kilio cha mtoto mdogo. Alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkataza. Alipoinua kichwa alimtazama dada yake.

"Rubani alitwambia Maskati wamekataa. Ulikuwapo kazini?"

"Nilikuwapo."

"Nani alikataa?"

"Mimi."

"Ulijua nimo?"

"Nilijua, Nawar."

Nje nyundo za gereji zilikuwa zimeshaanza. Nawar akauliza kile kitu kilianguka wapi, na Muhsina hakumficha. Katikati, alisema. Mbali sana na nyinyi.

"Kwa hiyo tungepita salama."

"Mngepita."

"Na wakikuomba tena kesho?"

Muhsina alilitafuta jibu jingine, la kumpoza nduguye na kujipoza mwenyewe. Hakuliona. "Nitakataa," alisema.

Nawar akainuka, akaenda kukaa na wanaume msikitini. Hakumlaani. Khole akaubeba ule mkoba wa mikate kuupeleka jikoni. Wakabaki Muhsina na mumewe ukumbini.

Ndipo lilipomjia kwamba katika mbio zote zile za kumtafutia Nawar radhi, yeye hakuombewa na mtu, wala hakuomba mwenyewe. Hata mkono hakuubusu. Akausogelea mkono wa Safwan uliokuwa gotini, akauchukua, akauweka kwenye paji la uso wake. Alijua kilichoachwa humo si chake, kilikuwa cha Nawar, na Nawar keshakichukua. Akaushika hivyo hivyo, na Safwan akamwacha.