Poda Kwenye Koti Jeusi

Kila Jumapili asubuhi, kabla kengele ya kanisa haijalia, nilikuwa nalikagua koti la mume wangu. Nililitundika kwenye msumari wa mlango, nikaligeuza kwenye mwanga, kisha nikalipitia kwa macho kutoka kola hadi pindo. Koti lilikuwa jeusi na poda ya yule mwanamke ilikuwa nyeupe, kwa hiyo sikuhitaji miwani. Alama ilikuwa pale pale siku zote: mstari mmoja kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya bega, mahali ambapo mwanamke hulaza mkono wake akichezeshwa dansi ya kizungu. Kwenye kola hapakuwa na kitu. Kifuani hapakuwa na kitu. Nilipomaliza nilichukua brashi na kulipangusa kwa hasira, utadhani nimekuta jambo.

Mume wangu alikuwa karani kwenye ghala la mizigo la reli hapa Nakuru. Tulitoka kwetu magharibi tukiwa tumeoana juzi tu, tukapewa chumba kimoja kwenye nyumba za reli, na huko ndiko alikoambukizwa dansi. Miaka ile ya hamsini, Jumamosi jioni, holi ya mtaa wetu wa Bondeni ilijaa watu waliovaa kama wanakwenda kuoa. Walinyunyiza poda sakafuni ili viatu viteleze, wanaume wakabandikwa namba mgongoni, na waamuzi wakakaa mezani wakiangalia miguu. Walikuja wachezaji kutoka Njoro, Gilgil, hata Nairobi. Na desturi ilikuwa hivi: mke wa mtu wa kanisa hakanyagi holi, na mume akitaka kushindana anachukua mchezaji anayejulikana. Hakuna aliyeona ajabu. Kazi yangu ilikuwa kutia shati wanga, kulipiga pasi ya makaa, na kumtoa mlangoni mume msafi akamshike mwanamke mwingine.

Huyo mwanamke mwingine hakuwa mtu wa hivi hivi. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu huko Ndabibi, baba yake akikamua ng'ombe, lakini ukimwona hungeamini kwamba aliwahi kunusa samadi. Mpiga picha mmoja alimpiga picha akiwa ameshika sabuni shavuni, na kampuni ya sabuni ikaichapa juu ya karatasi ya kufungia. Basi kila duka, kutoka Naivasha hadi Molo, lilikuwa na uso wake ukicheka rafuni. Watu wakamwita yule wa sabuni. Mimi nilimwita majina mengine, ambayo sitayaandika kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma.

Kelele juu yake hazikuisha. Alikwenda kwenye maonyesho ya kilimo amevaa suruali, na kwa wiki nzima hapakuwa na habari nyingine mjini. Mwinjilisti wetu alihubiri juu ya ile suruali mpaka akakaukiwa na sauti. Akaonekana anavuta sigara stesheni, mchana kweupe, huku amekunja miguu. Akanyoosha nywele kwa chanuo cha moto, na wasichana wa Bondeni wakaunguza masikio yao wakimwiga. Gazeti la Kiswahili likachapa maoni ya wasomaji: mmoja wa Nakuru anasema anatia aibu watu weusi wote, mwingine wa Gilgil anajibu kwamba hana baya, ila wanaomsema ndio wana macho ya wivu. Niliposoma hayo ya Gilgil nilihisi nimetajwa kwa jina.

Na nilikuwa na wivu, kwa nini nikatae? Majirani wa Bondeni waliniambia wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi sikukonda. Nilikula kwa hasira nikanenepa, na hilo nalo nikamwekea yeye hesabuni.

Kilichoniuma zaidi si kwamba mume wangu alikuwa mhuni. Angekuwa mhuni ningejua la kufanya. Kwetu wanawake tunafundishwa la kufanya na mhuni. Kilichoniuma ni ile alama kukaa mahali pake. Mwaka wetu wa kwanza alijaribu kunifundisha mimi. Tulizunguka kati ya kitanda na meza, yeye akihesabu moja mbili tatu, moja mbili tatu, mimi nikimkanyaga. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani, lakini mimi nilikasirika nikamwambia dansi ni kazi ya watu wasio na kazi. Hakuniomba tena. Sasa kila Jumamosi alimshika mwanamke mwingine kwa adabu na uangalifu, kama mtu anayebeba mayai kutoka sokoni, na mimi alinishika kama mtu anayefunga mlango.

Tena alikuwa akileta ile sabuni nyumbani. Kila mwisho wa mwezi, pamoja na unga na chai, alitoa mfukoni kipande kimoja chenye karatasi ya waridi na uso wa yule mtu. Nilimwuliza kwa nini asinunue sabuni ya mche kama watu wengine.

"Hii iko na harufu mzuri," alisema.

Nilikuwa naiweka juu ya sanduku, uso ukiangalia chini. Nikirudi kutoka bombani nilikuta imegeuzwa, inanicheka. Sikumwuliza nani aliigeuza, kwa sababu chumbani tulikuwa wawili.

Basi mwaka mmoja akina mama wa kanisa walichoka. Aliyewaongoza alikuwa mke wa mwinjilisti, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuja kwangu na wenzake wawili, wakakaa kitandani kwa kuwa viti havikutosha, wakakataa chai.

"Bibi ya karani," akasema, "sisi tumechoka. Hii mwanamke itamaliza bwana zetu."

"Bwana wako anacheza dansi, mama?" nikamwuliza. Mwinjilisti alikuwa na mguu mbovu.

"Usinichekeshe. Bwana *yako* ndio anacheza."

Akanieleza mpango. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, ambapo mtu alikaa mjini kwa karatasi, na mwanamke asiye na mume wala kazi ya kuandikwa aliweza kurudishwa alikotoka kwa neno moja la ofisi. Walikuwa wameshalalamika juu ya suruali na sigara, na mzungu msimamizi wa lokesheni, yaani mitaa ya Waafrika, akawaambia suruali si kosa. Lakini mke wa ndoa akisimama mbele ya baraza aseme mwanamke huyu amevunja nyumba yangu, hapo wazee wangemuunga mkono na mzungu angetia sahihi. Yule wa sabuni angepandishwa lori siku hiyo hiyo kurudi Ndabibi kwenye ng'ombe.

"Neno moja tu," akasema mke wa mwinjilisti. "Sisi wengine tutalia nyuma yako."

Nilikubali kabla hajamaliza. Wiki ile nilifua nguo nikiimba. Mume wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni Bwana Yesu.

Baraza lilifanyika kwenye uwanja mbele ya holi, upepo wa mlima wa Menengai ukitutia vumbi machoni. Mzungu alikaa kwenye kiti, wazee wanne kando yake, sisi akina mama tukasimama pamoja tumejitanda leso. Watu walijaa kama siku ya gwaride. Mume wangu alikuwa kazini, na nilishukuru kwa hilo.

Yule mwanamke akaletwa, akasimamishwa hatua chache tu kutoka kwangu. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu. Nilimjua kwa mbali, akipita na mwavuli, na nilimjua kwenye karatasi ya sabuni. Siku hiyo alivaa gauni la kawaida, kichwani kitambaa, na hakujipaka kitu. Nadhani alitaka kuwaonyesha wazee unyenyekevu. Nikamtazama usoni kwa jua la saa nne.

Mama wee. Alikuwa mkubwa kuliko mimi. Pembeni mwa macho kulikuwa na mikunjo, midogo lakini ya kweli, na chini ya kidevu ngozi ilikuwa imeanza kulegea. Hakuwa mbaya, hata kidogo. Lakini alikuwa mtu anayezeeka, na vumbi na baridi ya Nakuru zilikuwa zimeshaanza kazi yao juu yake.

"Wewe, bibi ya karani," mzungu akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Sema. Hii mwanamke naharibu nyumba yako?"

Mke wa mwinjilisti akanisukuma kidogo mgongoni. Nikafungua mdomo. Na hapo hapo nikaona mambo yatakavyokuwa. Huyu akienda leo, mume wangu atabaki na ile picha. Kila mwezi ataileta nyumbani, ikicheka, shavu limeshiba, haina mkunjo. Mimi nitapata mvi, nitazaa, meno yatanitoka, na yeye atakuwa vile vile juu ya sanduku, mwanamke aliyefukuzwa kwa sababu yangu. Mtu aliye mbali hashindwi. Nikataka abaki. Nikataka abaki hapa hapa, azeeke taratibu mbele ya macho ya mume wangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka siku moja aangalie mikononi mwake aone ameshika bibi kizee.

"Hapana, bwana," nikasema. "Nyumba yangu iko sawa."

"Hapana?"

"Bwana yangu nacheza na yeye kwa ruhusa yangu. Mimi ndio namtuma."

Watu wakaangua kicheko, wanaume hasa. Mzee mmoja akapiga goti lake kwa mkono. Mke wa mwinjilisti alinishika leso kwa nyuma akaivuta mpaka karibu ianguke, akininong'oneza kwamba nimerogwa. Mzungu alitazama saa yake, akasema shauri limekwisha, watu waende kazini.

Nilipofika karibu na bomba la maji nikasikia viatu nyuma yangu. Alikuwa yeye. Alikuwa analia, na machozi yalipita kwenye ile mikunjo niliyoihesabu.

"Asante, dada," akasema. "Sina mtu kule Ndabibi. Baba alikufa. Ningeenda wapi?"

"Usinishukuru," nikamwambia. "Kaa tu hapa. Kaa miaka mingi."

Akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu anibariki, hajawahi kuambiwa neno zuri kama hilo na mwanamke wa mji huu. Nikamwacha aamini hivyo.

Jioni mume wangu alirudi ameshapata habari zote huko kazini. Nilitegemea atasema neno. Labda, sitaficha, nilitegemea atanishika na kuanza kuhesabu moja mbili tatu. Alicheka kwa furaha kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Kumbe wewe ndio unanituma," akasema. "Basi leta shati."

Ningesema nini? Ruhusa iliyotolewa mbele ya mzungu na wazee wanne hairudishwi jikoni. Nikapiga pasi. Mwaka ule wakashinda kikombe, na kikombe kikaja kukaa mezani kwangu, nikawa nakisugua kwa majivu.

Nikangoja. Mimi ni mtu wa kungoja. Nimengoja mahindi na nimengoja watoto. Jumapili nikilikagua koti niliona poda inazidi kuwa nzito, na moyo wangu ukafurahi, kwa sababu nilijua inafunika nini. Yule mwanamke aliongeza wanja. Akaacha suruali. Magazeti yakapata watu wengine wa kuwasema, na mwinjilisti akahamia kwenye dhambi ya pombe. Mtaani nikaanza kusikia wasichana wakimwita mama. Siku hiyo nilinunua nyama.

Lakini ile alama haikusogea. Niliingoja ipungue, niliingoja siku ambayo mume wangu atasema leo sina nguvu za kwenda, na haikufika. Mzito au mwepesi, mstari ulikuwa pale pale kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya bega.

Mwisho kampuni ya sabuni nayo iliona nilichokiona mimi pale barazani. Karatasi mpya zikaja madukani, za waridi vile vile, na juu yake msichana mwingine kabisa, shavu kama andazi, hata ishirini sidhani alifika. Nilimwona dukani kwa Mhindi nikacheka peke yangu mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nilisubiri mwisho wa mwezi kwa hamu. Nilitaka kuona mume wangu atakavyomtoa mfukoni huyu mpya, atakavyomweka juu ya sanduku, amemsahau yule wa kwanza.

Mwisho wa mwezi alitoa unga, akatoa chai, kisha akatoa nusu mche wa sabuni ya kufulia, ile ya manjano, imefungwa kwa gazeti.

"Na ile yako ya waridi?" nikamwuliza.

"Siku hizi haina harufu," akasema, akainama kuvua viatu.

Kesho yake nilikwenda dukani nikanunua moja kwa pesa ya mboga. Nilifungua karatasi pale pale kwenye kaunta, nikainusa. Harufu ilikuwa ile ile.