Landirova ya Kimeli Ilipopata Breki

Watu wa Boito walipomtania Kimeli kwamba gari lake halina breki ya mkono, mkewe Sally alicheka na kuwajibu, "Breki ni mimi." Na kweli ndiye aliyekuwa breki. Kila asubuhi ile Landirova kuukuu ilizunguka vilimani ikikusanya mikebe ya maziwa, na kila iliposimama mteremkoni, Kimeli alikanyaga breki ya mguu huku Sally akiruka chini kulikinga gurudumu kwa jiwe, kisha akilipiga jiwe teke kidogo lijikaze. Mvua inyeshe, matope yafike kwenye vifundo, alishuka. Wanawake wenzake walimhurumia. Hawakujua kwamba wanamhurumia mtu kwa furaha yake.

Maana Kimeli akiwa nyumbani maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Alikula, akashukuru, akasikiliza redio, akalala. Watoto, kuanzia Nelvine wa kwanza, walilelewa wakakua wakaondoka katika ukimya huohuo. Lakini mshikishe usukani umsikie! Hapo ulimi ulifunguka. Alimsimulia Sally utoto wake kule Kipkelion, na jinsi fahali wa babake alivyosimama kwenye reli akagoma kuondoka mpaka treni ikamsubiri. Aliwaiga majirani, aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya tatu. Kwa hiyo kile kiti cha kando ya dereva, chenye sponji iliyochungulia nje, Sally asingekibadilisha na kochi lolote la mjini.

Basi jioni moja Kimeli akasema, "Kesho tutapeleka gari Sotik. Nimesikia kuna fundi anaelewa hizi za zamani."

Sally alidhani fundi ni mwanamume, kama mafundi wote aliowahi kuwaona. Akakuta ni Quinter, msichana wa watu wa ziwani aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai huko Kericho, amevaa ovaroli iliyomkaa vizuri kuliko ovaroli inavyostahili kumkaa mtu. Alicheka upesi. Meno yake yalikuwa na mwanya. Sally aliona mwanya huo kabla hajaona kitu kingine chochote, na roho yake ikakunjamana.

Quinter aliingia chini ya gari akiwa na tochi, akatoka na kidole kinachong'aa mafuta.

"Mzee, wewe umekuwa ukikaza waya tu, si ndio?"

"Kila mwezi," Kimeli akakiri.

"Waya haina makosa. Hii gari, breki yake ya mkono haiko kwa magurudumu. Iko hapa katikati, nyuma ya giaboksi. Sili, ile raba ya kuzuia oili, imeisha; oili inaingia ndani ya dramu ya breki. Sasa breki itashika aje na imelowa? Hata ukikaza mpaka Yesu arudi!"

Kimeli akacheka. Sally akamtazama. Mara ya mwisho kumwona akicheka hivyo, akiwa nje ya gari, ilikuwa lini?

"Nitatoa hii shafti," Quinter akaendelea, "na nikitoa, gari haina kitu cha kuishikilia. Mko na jiwe?"

Kimeli akafungua mlango, akalichukua jiwe chini ya kiti cha Sally, akampa fundi kwa mikono miwili. Quinter akainama akaliingiza nyuma ya gurudumu, kisha akalipiga teke kidogo lijikaze. Teke hilohilo la Sally! Alijisikia kama mtu aliyeingia jikoni mwake akamkuta mgeni anasonga ugali kwa mwiko wake.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Kimeli naye alijiingiza chini ya gari kushika tochi. Sally akabaki ameketi kwenye tairi bovu, anaangalia miguu minne imetokeza. Akasikia sauti ya mumewe: "Sasa huyo fahali wa baba, akasimama hapo katikati ya reli..."

Fahali wake! Wivu ulimpanda hadi masikioni. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Sally, mzee wa kanisa, aliinama kweli na leso yake, akachungulia. Hakuona la ajabu: mmoja anafungua nati, mwingine anaongea. Lakini kuongea kwenyewe ndiko kulikomuuma. Heri angemkuta ameshikwa mkono. Hapo angejua pa kuanzia ugomvi.

"Baba Nelvine," akaita, "mvua inakuja."

"Acha ije," sauti ikajibu kutoka chini.

Quinter aliweka sili mpya, akaosha dramu, akafunga breki mpya ndani yake, akarudisha shafti. Akalipeleka gari kwenye mwinuko wa nyuma ya soko, akavuta mkono wa breki. Landirova ikaganda.

"Na ikiharibika tena?" Sally akauliza.

"Haitaharibika karibuni, Mama. Pumzika."

Mungu amsamehe: njia nzima ya kurudi Boito, Sally aliiombea ile sili ipasuke.

Haikupasuka. Asubuhi, kwenye mteremko wa kwanza, Kimeli alisimama. Mguu wa Sally ulikuwa umeshatoka nje.

"Acha, imeshika," Kimeli akasema. Alishuka akapakia mikebe peke yake, akarudi. "Kuanzia kesho ulale tu. Yule msichana aliniambia, 'Mzee, mama anachechemea na wewe unamrusha kwa matope.' Niliona haya."

Sally akahisi uso unamwaka. Yaani hata goti lake, lililomsumbua mwaka mzima, lilionwa na yule kabla ya huyu!

"Kesho nakuja," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Hapa ndipo unaponiongelesha, Baba Nelvine. Kule nyumbani huniongeleshi. Nikilala, hiyo ya fahali utamwambia nani? Utaenda kumwambia Quinter?"

Kimeli akaachia breki. Aliendesha bila kuimba, mashamba ya chai yakipita pande zote mbili, mpaka kwa Chepkemboi, mteremko mkali kuliko yote. Chepkemboi alikuwa amesimama barabarani na mikebe yake. Kimeli akavuta breki. Badala ya kushuka, akazima injini, akamgeukia mkewe.

"Hilo goti," akasema, "lilianza kuuma lini?"

Sally akaanza kumweleza, na Chepkemboi akangoja.